Gitaa la Kutu

Mimi ni fundi baiskeli. Kitu kikilegea, nakaza. Ndiyo kazi yangu na sina nyingine. Ukiniletea gurudumu linalocheza nalitundika kwenye fremu, nalizungusha, halafu nadonoa spoku moja moja kwa ukucha. Iliyokaza inalia. Iliyolegea inagwaya tu na kunyamaza, basi naiongeza spana kidogo mpaka nayo ilie kama wenzake. Wateja wananiita Dada Spoku. Wapo wanaofika mara ya kwanza na kuniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia ametoka, waje kesho.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mpiga gitaa la hevi metali. Nasema alikuwa, na mtu mwenyewe yu hai, amelala chumba cha pili. Jukwaani alijulikana kama Kutu, kwa sababu aliokota mnyororo wa baiskeli ulioliwa na kutu kwenye pipa la karakana yangu akauvaa shingoni, na jina likamganda hata mama akasahau kumwita lile alilompa yeye. Bendi yao ilikuwa ya watu watatu, na kuna siku jukwaani walikuwa wengi kuliko chini. Mama alisema muziki ule ni kama mtu ameangusha kabati la vyombo kwenye ngazi, halafu akaligombeza kabati. Hata mimi sikuupenda, sitadanganya. Nilichopenda ni kumtazama yeye akiupiga. Kutu ni mtu wa haya, ukimsalimia anaangalia viatu vyako, lakini akishika gitaa alikuwa haogopi uso wa mtu.

Kiharusi kilimkuta bafuni, kijana ambaye hata unywele mmoja mweupe hana. Upande wa kulia ukafa wote. Maneno nayo yakaondoka, ya kusema na ya kuandika; sauti anayo, anaguna, lakini neno halitoki. Ndiyo na hapana zimemchanganyikia. Unamwuliza kama anataka maji, anatikisa kichwa kukataa huku mkono unafuata kikombe. Huo mkono wa kushoto ndio uliobaki, mzima ila dhaifu.

Kuna mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono ya kubeba magunia, ambaye humjia nyumbani kila wiki. Siku moja akimaliza alinivuta pembeni mlangoni.

"Dada, nikwambie ukweli. Huu mkono tunaweza kuuokoa, hata na akili yake pia. Shida ni kwamba huyu hataki kitu. Na mtu asiyetaka kitu, mimi hapa namkunja na kumkunjua tu. Mtafutieni anachokitaka. Siku akinyoosha mkono mwenyewe kufuata kitu, chochote kile, niite hata kama si zamu yangu."

"Na asipotaka kitu?"

"Basi atalala hivyo hivyo mpaka mwisho. Nimewaona."

Sikuhitaji kufikiri sana alichokitaka Kutu. Kilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya mfuko mweusi wenye vumbi. Alikuwa ametunga wimbo ambao bendi ilikuwa ikiufanyia mazoezi alipoanguka, na video yake ninayo kwenye simu, alinitumia mwenyewe. Sauti ya video ile haifai, maana simu iliwekwa karibu na ngoma, kwa hiyo unachosikia ni mngurumo mtupu. Lakini vidole vyake vinaonekana vizuri sana. Nikasema, nitajifunza. Nitaiga vidole kimoja kimoja, nimpigie wimbo wake mwenyewe, tuone kama hatanyoosha mkono.

Nilitoa gitaa mbele yake. Akaguna, macho yakafunguka, nikafurahi kama mtoto. Kisha nikagusa nyuzi. Jamani, zilikuwa zimelegea hizo. Ule uzi mnene wa juu kabisa ulikuwa unapwaya mpaka unagonga ubao. Nikadonoa kwa ukucha kama ninavyodonoa spoku: mzito, mbovu, hauna mlio. Nikajua ni kukaa muda mrefu chini ya kitanda.

Kwenye simu kuna mwalimu mmoja anayefundisha wanaoanza kabisa, na somo lake la kwanza ni kuzitengeneza nyuzi. Unadonoa, mshale kwenye kioo unakuonyesha umekaza vya kutosha au bado. Kazi hiyo nilikuwa nimezaliwa nayo. Nilizungusha zile skurubu za kichwani mwa gitaa, mshale ukasimama katikati, uzi baada ya uzi, zikalia safi. Kutu aliguna tena, kwa nguvu.

"Umeona?" nikamwambia. "Dada yako si mtu wa mchezo."

Sasa ndipo nikajua kuwa kukaza nyuzi ni jambo moja na kuzipiga ni jambo jingine. Vidole vyangu vimezoea grisi na chuma, nilidhani vimekomaa, kumbe ncha zake bado ni laini. Zile nyuzi ziliingia nyamani. Nikiwasha amplifaya na kukanyaga kile kisanduku cha kukwaruza sauti, kila kosa lilisikika mtaa mzima. Jirani yetu fundi cherehani aliniuliza kwa upole kama nimefungua tawi la karakana nyumbani. Mama alikuwa akiondoka sebuleni bila kusema neno, na kwa mama hilo ni tusi.

Kilichonishinda hasa ni kidole kimoja. Mwalimu wa kwenye simu, akipiga yale mapigo mazito, anatumia vidole viwili au vitatu. Kutu kwenye video anatumia kimoja. Analaza kidole juu ya zile nyuzi nene kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, anakitelezesha shingoni juu na chini, basi. Mimi nikilaza kidole vile vile, mahali pale pale, sauti inatoka chungu, ya kutia meno ganzi. Nilirudia video mpaka nikawa naiota. Kidole ni kile, mahali ni pale. Nikasema ni mimi, mkono wangu mzito, niongeze bidii.

Nilipokuwa natoka kwenda kazini nililiacha gitaa limeegemea kitanda chake, upande wa kushoto, kichwa chake karibu na mto, apate kuliona. Jioni moja nikarudi, nikalichukua, nikapiga. Nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Ule mnene ndio umezidi, unapwaya kama siku ya kwanza.

"Mama, nani kaingia humu?"

"Aingie nani? Nimeshinda naye mimi."

Nikakaza. Nikampigia. Kutu akafumba macho, akageuza uso ukutani. Kesho yake nikazikuta zimelegea tena, nikakaza tena. Na siku iliyofuata nilirudi mapema, nikamwona kwa macho yangu. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, vidole vimeshika skurubu, anaizungusha kidogo kidogo. Jasho linamtoka. Anazungusha, anadonoa uzi kwa kidole gumba, anasikiliza, anazungusha tena.

Ningekuwa na akili ningepiga simu pale pale. Lakini mimi nilipandwa na hasira, kwa sababu nilichokiona ni mtu ananikatalia. Niliona anafungua nilichofunga, ananiambia nikiache kitu chake, kwamba ninavyopiga ni aibu kwake. Na vidole vyangu vilikuwa vimefungwa plasta siku hiyo, viwili.

"Wewe Kutu, mimi najikata vidole kwa ajili yako, na wewe unanifungulia? Hunitaki, sema hunitaki."

Asemeje? Nikakaza nyuzi mbele ya macho yake, moja moja, mpaka mshale ukasimama. Akaniangalia. Akanyoosha mkono, akashika ile skurubu ya uzi mnene, akailegeza, huku ananitazama usoni, yeye asiyetazama watu. Alikuwa anaguna jambo refu, lenye mwanzo na mwisho. Nikamnyang'anya gitaa, nikalitundika kwenye msumari karibu na mlango, asikofika.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja wiki hiyo aliminya minya ule mkono, akashangaa.

"Vidole vina nguvu leo. Amefanya nini? Amenyoosha mkono kufuata kitu?"

"Hakuna cha maana," nikamjibu.

Kwa siku kadhaa Kutu aliuinua mkono kuelekea mlangoni kila nilipoingia. Nilidhani ananifukuza, nikawa napita nimenuna. Kisha akaacha kuuinua. Kisha akaacha kijiko, alichokuwa anakishika mwenyewe tangu atoke hospitali. Mama akikiweka mkononi kinaanguka kitandani, na mama anakiokota na kumlisha. Mtaalamu alimkunja na kumkunjua, akaniita tena pale mlangoni.

"Mkono ni mzima kabisa," alisema. "Mwenyewe ndiye ameondoka."

Niliogopa, na mimi nikiogopa nafanya kazi. Nilipiga ule wimbo asubuhi kabla ya karakana na jioni nikirudi. Nilijua zamu ya kila kidole. Nilijipa moyo kuwa siku utakapotoka sawasawa, ataurudia mkono wake. Haukutoka. Ulikuwa mchungu siku ya kwanza, na sasa ukawa mchungu wa haraka.

Ndipo akaja Nyundo, mpiga ngoma wa bendi yao, ambaye siku hizi anaendesha lori la kusambaza vinywaji. Alileta machungwa, akakaa kwenye ncha ya kiti, akazungumza na ukuta kwa sababu kumtazama Kutu kulimshinda. Ili kumwokoa nikasema, "Ngoja nikupigie kitu." Nikatungua gitaa.

Alianza kutikisa kichwa kwa heshima, kama unavyomshangilia mtoto wa mwenye nyumba. Halafu kichwa kikasimama. Aliniomba gitaa, akadonoa ule uzi mnene, akaniangalia.

"Dada, nani kakaza hizi?"

"Mimi. Zilikuwa zimelegea."

"Hazikulegea. Zililegezwa." Alisema taratibu, hakutaka kuniumiza. "Ndiyo muziki wetu huo. Nyuzi zinashushwa zote, na huu mnene unashushwa kuliko wenzake. Ndipo mlio unakuwa mzito, na ndipo kidole kimoja kinatosha. Ukikaza hivi, kile kidole kimoja hakiwezi kutoa kitu, hata upige mpaka uzeeke. Kutu alikuwa na kiasi chake mwenyewe cha kushusha. Hakuwa na mshale wala nini, alikuwa anatafuta kwa sikio."

Niliona ule mkono ukizungusha, ukidonoa, ukisikiliza, ukizungusha tena.

"Alikuwa analegeza," nikasema.

"Nani?"

"Yeye. Kila siku, kwa mkono huo. Na mimi kila siku nakaza."

Nyundo aliweka chungwa alilokuwa ameshika juu ya meza na hakulichukua tena.

Tulizishusha pamoja. Nyundo alikuwa anaguna sauti aliyoikumbuka, mimi nazungusha skurubu kinyume na kila nilichofundishwa na mikono yangu, mpaka uzi mnene ukaanza kupwaya kama ile siku ya kwanza. Nikalaza kidole kimoja. Nikapiga. Vioo vya dirisha vilitetemeka, mtikisiko wa sakafu ukaniingia miguuni, na mlio ulikuwa mmoja, mzito, mzima. Nikatelezesha kidole kama kwenye video, na wimbo ukatoka. Mama alikuja akasimama mlangoni, akakaa hapo mpaka mwisho, naye ni mtu asiyevumilia hata redio. Nilikuwa napiga hevi metali kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilikuwa nalia.

Nikageuka kumtazama Kutu. Alikuwa anaangalia dari.

"Kutu. Nimeelewa, mdogo wangu. Ni hivi? Nishushe zaidi? Nionyeshe tu." Nilichukua mkono wake nikauweka kwenye skurubu. Nilipouachia ulianguka shukani. Nikauweka tena. Nyundo akatoka nje akiwa amejishika uso.

Mtaalamu wa mazoezi nilimweleza yote, sikuficha neno. Alikaa kitandani, akauchukua ule mkono akaanza kuukunja na kuukunjua.

Gitaa limerudi pale pale lilipokuwa, limeegemea kitanda upande wa kushoto, kichwa karibu na mto. Kila asubuhi kabla sijaenda karakana nazikaza nyuzi zote makusudi, mpaka mshale usimame katikati, vibaya kabisa, zilie safi kama nilivyozoea. Namwambia, "Nimeharibu tena, Kutu, rekebisha," naenda kazini. Huko nikidonoa spoku, iliyolegea namwachia msaidizi aikaze. Jioni narudi, sivui hata viatu, naenda moja kwa moja kuudonoa ule uzi mnene. Unalia safi.