Kodi ya Moshi Uliokaribishwa

Syombua alikuwa akipepeta ndengu mlangoni kwake, kijijini Gatuanyaga, moshi ulipofika kwa miguu kutoka kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu kule Thika. Ukapiga hodi. Syombua alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza: akasema karibu. Moshi ukaingia, ukakalia kiti cha mumewe, Maluki, naye Maluki akahamia mkekani. Tangu hapo ulirudi kila jioni ukalala. Kwao mgeni haulizwi ataondoka lini, kwa hivyo hawakuuliza. Maluki akaanza kukohoa.

Wakati huo ilikuwa imeamuliwa viwanda vilipe kodi ya moshi, na kodi yenyewe iwe ya haki. Mambo yaliharibikia hapo, maana kazi ya kuitafuta haki ilipewa kamati. Kamati ikajifungia hotelini, ikala kuku, ikatoka na kanuni: moshi utatozwa mahali unapolala. Meneja wa kiwanda aliapa kwa Biblia kwamba wake haujawahi kulala kazini, hutoka bombani ukaenda zake. Alisema kweli. Wapumbavu wale wakampigia makofi.

Erastus, karani wa kamati, akaja kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimkuta mgeni kitini, akausalimu moshi kwanza, kisha mwenye nyumba.

"Mama, huu moshi ulijiingilia ama uliukaribisha?"

"Ulipiga hodi. Sasa ningesema nini?"

"Hapo ndio shida iko. Ukishasema karibu, ni wako."

"Na hao wanaoutoa?"

"Hao wako sawa. Hawaishi nao."

"Mzee wangu hapumui. Uambieni urudi kwao."

"Hatuwezi kufukuza mgeni wa mtu, mama."

Kwa kodi hiyo kamati ikachukua mbuzi ambao Syombua alitaka kuwauza ampeleke Maluki hospitali. Kiwanda kikapewa cheti cha hewa safi, kikakitundika langoni.

Maluki akafa kabla ya mvua. Mazishini moshi ulikaa mbele pamoja na wafiwa, na pasta akaupa pole kama wengine.

Wiki iliyofuata Erastus alirudi, kofia mkononi, kueleza kwamba kodi itapanda. Miezi yote hiyo kamati, kwa kupenda haki, ilikuwa ikimpunguzia Syombua kodi kwa ule moshi uliokaa kifuani mwa mzee. Sasa mzee hayuko.

Moshi ukasogea kidogo ili Erastus apate pa kukaa, naye akakaa.