Daraja Chini ya Maji

Mwaka huo mvua zilichelewa, bwawa likashuka, na daraja la zamani likakaribia kuchungulia. Kabla bonde halijazibwa kwa ukuta na kujazwa maji, baba alilivuka kila siku kwenda shambani. Siku hizo watu walikuwa wakija kupanda boti za kukanyaga na kupigwa picha juu ya daraja hilo. Maji yalifika vifundoni tu, ukaonekana kama unatembea juu ya bwawa.

"Rudi nyuma kidogo, mke wangu," shemeji alimwambia mdogo wangu, simu mkononi. "Kidogo tena."

Mdogo wangu akarudi kinyumenyume, ameshika pindo la gauni, anacheka.

Mimi nilikuwa ufukoni, nikiwatazama. Nilikumbuka geti la nyumbani. Watu walipohamishwa bondeni, baba aling'oa vyuma vya pembeni mwa daraja akatengenezea geti letu. Pale hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu. Maji yalikuwa ya tope, ukingo hauonekani, na nje ya ukingo ni kina cha kumeza ghorofa.

"Simama hapo hapo!" nikamwita mdogo wangu.

"Dada naye kwa woga!" akanicheka. " Hata beseni la kufulia unaliogopa."

Kweli, sijui kuogelea. Nikaingia darajani nikitambaa kwa magoti, mkono mmoja ukipapasa zege lenye utelezi. Nilitaka kusali vizuri, lakini lilitoka neno moja tu: "Mungu wangu, Mungu wangu." Mkono ukaufikia ukingo, kisha ukazama pasipo na chini. Baridi ikanipanda hadi kwenye meno.

"Shemeji, unaniharibia picha!"

"Pembeni hakuna vyuma! Baba alivitoa!"

Akashusha simu. Mdogo wangu akageuka kunitazama, na mguu wake haukukuta kitu. Alizama hadi kwapani, viwiko vikabaki juu ya zege, vikiteleza taratibu.

Nikajitupa kifudifudi nikamkamata mkono. Shemeji akanikamata miguu.

"Usiniachie, dada."

"Sikuachii."

Lakini vidole vyangu vilikuwa vinaachia. Nikaling'ata bega la gauni lake kwa meno, na shemeji akatuvuta wote wawili.

Tulipofika nyumbani, mdogo wangu alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili, akasimama.

"Ingieni, wanangu," baba akaita kutoka ndani. "Geti liko wazi."

Mdogo wangu alisikia. Hakuweza kuviachia.