Vifuko Vilivyooshwa Mara Moja

Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake alishinda maabara akitengeneza vifuko vidogo mno, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Nyumbani wakamwita Vifuko, na jina likamganda.

“Hebu nieleze tena,” dada alizoea kumchokoza, pini mdomoni. “Unashona mfuko, halafu unautoboa matundu? Mteja wangu angenitupia nguo usoni!”

Vifuko alicheka, akaeleza. Ngozi ya kifuko ni ya polima, kitu cha jamii ya plastiki. Ndani yake kimefungiwa kimeng'enya, ili mwili usikiharibu. Mgonjwa anapewa dawa iliyolala, isiyodhuru kitu. Dawa ile inaingia kifukoni kupitia matundu, kimeng'enya kinaiamsha, inatoka ikiwa kali palepale penye uvimbe, si kwingine.

“Penye uvimbe kama hapa kwangu,” dada akasema, akajigusa chini ya titi. Uvimbe ulikuwa kama harage, na daktari wa upasuaji alishampangia tarehe. Lakini dada alikiogopa kisu kuliko kifo chenyewe.

Sasa, vifuko vikishatengenezwa lazima vioshwe. Vinapitishwa mara tatu kwenye mrija uliojaa punje laini, ili kimeng'enya kilichobaki nje kiondoke. Kisipoondoka kitaiamsha dawa huko huko nje, nawe utadhani kifuko ndicho kilichofanya kazi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa na bosi anayetaka matokeo kabla ya saa nane mchana. Alhamisi ile Vifuko akaosha mara moja tu.

Dawa ikiamka, maji ya jaribio hugeuka njano. Yakageuka, tena njano ya kupendeza, na seli za uvimbe kwenye kisahani zikafa zote. Maabara nzima ikapiga makofi.

Jioni akampigia dada simu. “Usikatwe kwanza. Ngoja kidogo tu. Tukianza kuwapa wagonjwa, wewe ndiye wa kwanza. Niachie mimi.”

Nani alimtuma? Hakuna. Ilikuwa furaha tu, pamoja na kale kasifa ka kuwa mwokozi wa familia. Dada akaahirisha upasuaji, akamshukuru Mungu. Daktari alinung'unika, akasema nafasi bado ipo, akibadili mawazo aje hata kesho.

Mwezi uliofuata Vifuko akarudia jaribio, safari hii akaosha mara tatu. Maji yakabaki meupe pe. Matundu hayakuwahi kufunguka hata siku moja. Kazi yote ile ilifanywa na mabaki ya nje. Hapo ndipo alipopaswa kunyanyua simu. Badala yake akajiambia, nitarudia kesho. Akarudia, meupe. Nitarudia Jumatatu. Meupe vilevile. Jamani, alikuwa anaona aibu! Aibu tu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Wiki tatu zikapita hivyo. Picha mpya za hospitali zikaonyesha uvimbe umefika kwenye ini, na daktari akasema hakuna tena cha kukata.

Vifuko alimkuta dada kitandani, cherehani imefunikwa kitambaa. Juu ya mto palikuwa na koti jeupe la maabara, jipya.

“Nimekushonea,” dada akasema. “Mifuko minne, na haina tundu hata moja. Nimewaambia manesi wote, mdogo wangu ndiye anayeitengeneza ile dawa.”

Vifuko akashindwa kujizuia. Akapiga magoti, akamwaga yote: Alhamisi ile, mrija, kuosha mara moja, njano ya uongo. Dada akasikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukimpapasa kichwani.

“Kukosea mshono hata mimi nakosea,” akasema. “Nafumua, naanza upya. Usijiue kwa hilo, mdogo wangu.” Kisha mkono ukasimama. “Uligundua lini?”

Vifuko akatazama sakafu. “Wiki tatu kabla ya zile picha.”

“Wakati daktari bado alikuwa anakubali kunipasua?”

“Ndiyo, dada.”

Dada akauondoa mkono. Akalivuta koti, akalikunja taratibu kama anavyokunja nguo ya mteja asiyerudi kuichukua, akaliweka upande wa ukutani. Kisha akageukia huko huko.