Dakika Kumi za Kuvuka Kegonga

Kosa nililiona mwenyewe, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, dakika chache kabla hatujaitwa ndani.

Mwalimu Mellen anafundisha mambo ya kilimo katika chuo kimoja hapa Homa Bay. Kwa miaka miwili alikuwa akitaka kupeleka wanafunzi kumi na wanne Tanzania kwa siku kumi, yeye mwenyewe akiwaongoza, wakajifunze kwa wakulima wa ng'ambo. Kamati ya safari ikamkatalia mara mbili. Mara hii akaambiwa ombi la tatu ndilo la mwisho. Ndipo akanitafuta mimi, Machuki, kwa sababu sijui kukaa mahali pamoja na barabara za huku zote nimezikanyaga. Nikampangia: siku mbili Sindo, moja Karungu, halafu Kegonga, kisha tunavuka kwa miguu hadi kwa shemeji yangu Mniko, ambaye angewalaza wote. Akachapa kila nilichosema.

Sasa Liz, karani wa kamati, alikuwa anapanga pasipoti za wanafunzi kwenye meza pale nje.

"Jaduong'," akaniita, kama wazee wanavyoitwa huku kwa heshima, "hizi zitagongwa muhuri wapi?"

"Muhuri gani?"

Akacheka. "Mzee mzima wa safari anauliza muhuri gani!"

Nikasoma karatasi yetu: Kegonga, kuvuka, dakika kumi. Kwetu Wakuria mpaka ni jiwe jeupe katikati ya mahindi. Tunavuka kwenda matanga, tunavuka kuposa, tunavuka kutafuta ng'ombe aliyepotea. Hakuna anayekuuliza, maana mnajuana. Miaka yote hiyo sijawahi kufikiri kwamba ile si njia ya mtu mwenye pasipoti.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "kule Kegonga tunapovukia hakuna ofisi ya mpaka."

Akaganda. "Unaniambia sasa?"

"Nimeliona sasa."

"Basi nyamaza. Hawa hawajui Kegonga ni wapi. Ikishapita tutarekebisha."

Mlango ukafunguliwa.

Mwenyekiti ni Nicholas, mtu mnene anayesoma kwa kidole. Akauliza hospitali, akauliza vyandarua, akauliza kama Karungu watapanda mashua. Mwalimu alijibu vizuri. Mimi shati lilikuwa limeshika mgongo. Kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikafika Kegonga, kikapita.

"Iko sawa," akasema, akachukua kalamu.

Nikawaona wale watoto wamekaa kwenye sakafu ya kituo cha polisi, kama nilivyokaa mimi siku tatu, mwaka ule nilipopitiliza kwa Mniko nikafika mahali nisipojulikana, bila karatasi yoyote. Mimi shemeji alikuja kunitoa. Wao nani angewatoa?

"Mwenyekiti, usitie sahihi."

Mwalimu akafumba macho. Nikasema yote.

"Kumbe mlitaka kutupitishia watoto kwa shamba la mahindi?" Nicholas akauliza.

"Kosa ni langu. Mwalimu hajafika huko. Mimi nimezoea, nikasahau kwamba si wote ni wa kwetu."

Mama wa bima, aliyekaa kando ya Nicholas, akatikisa kichwa. "Mtoto akiugua huko bila muhuri, hatulipi."

Nicholas akatazama saa ya ukutani. "Saa nane nafunga faili. Leteni njia nyingine, au basi."

Nje, mwalimu akaketi kwenye benchi. "Umenimaliza, mzee." Halafu akatoa kalamu. "Haya, sema. Polepole."

Tukaipitisha safari Isebania, kwenye ofisi ya mpaka. Kuzunguka kulikula siku nzima, tukakata siku moja ya Sindo. Nikampigia Mniko.

"Siku nzima mnazunguka?" akafoka. "Si moshi wa jikoni kwangu mnauona kutoka huko kwenu?"

"Ni watoto wa watu, shemeji."

"Basi waje na njaa."

Saa nane kasoro dakika tano tulikuwa tena mbele ya Nicholas. Kidole kikatembea, kikasimama Isebania.

"Na hapa, jaduong', umewahi kupita?"

Mwalimu akanigeukia. Nilijua jibu alilotaka.

"Bado," nikasema. "Nitapita mara ya kwanza na hawa watoto."

Nicholas akaivuta karatasi karibu. Kisha akatia sahihi, na pembeni akaandika kwa mkono: mzee naye atafute pasipoti.