Shikamoo ya Simeoni

Mwalimu Peniel wa Nduguti alikuwa bingwa wa kubalehe, mradi kuwe kwa watu wa mbali. Kila mwaka akifika kwenye mada hiyo alikimbilia historia. Aliwasimulia wanafunzi jinsi madaktari wa Ulaya walivyowatisha vijana kwamba tamaa ingewatia wazimu, na jinsi watafiti wa Amerika walivyokuja baadaye kuwauliza maelfu ya watu mambo ambayo hapa Mkalama humwulizi hata mkeo. Kipenzi chake kilikuwa Mjerumani mmoja wa zamani aliyehasi majogoo wachanga. Vilemba vyao vikasinyaa, wasiwike. Wengine akawarudishia kokwa, akizipachika tumboni, nao wakawika kama kawaida. Mjerumani huyo Peniel alimsimulia darasani, nyumbani, hata msibani.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na tatizo ambalo aliamini halihusiani na sayansi. Mwanawe Simeoni, mtoto wa adabu siku zote, alikuwa ameacha kuamkia wakubwa. Akikutana nao anainamisha kichwa na kupita. Jirani yao, Mama Eliza, alikuja kushtaki.

"Mwalimu, huyu mtoto amekuwa bubu au anatudharau?"

"Nitamnyoosha, mama."

Alimkaripia, akamnyima simu, akamtishia fimbo. Simeoni alikaa kimya kama gunia la alizeti. Na Jumamosi babu yake, Mzee Zefania, alikuwa anakuja kutoka Mtinko. Mzee huyo aliwahi kugeuza na kurudi kwake kwa sababu mpwa wake alimwamkia akiwa ameketi. Akinyimwa shikamoo na mjukuu wake mwenyewe, kwa Peniel asingekanyaga tena. Mwalimu alikosa raha kabisa.

Ijumaa akawa darasani na Mjerumani wake. Alikuwa amefika kwenye vilemba pale kijogoo cha jirani na shule kilipojaribu kuwika chini ya dirisha. Kilianza vizuri, kikakwama katikati, kikamalizia kwa mlio wa bawaba kavu. Darasa likaangua kicheko. Simeoni, aliyesoma darasa hilo hilo la baba yake, peke yake benchi la nyuma alijiziba mdomo na kutazama sakafu.

Peniel akabaki na chaki hewani. Miaka yote hiyo anafundisha kuvunjika kwa sauti, na iliyovunjika nyumbani kwake ameitishia fimbo. Aliona aibu kweli. Lakini kumwambia mwanawe hakuweza. Mazungumzo hayo ni ya babu na mjukuu, baba hayagusi, na babu ndiye huyo anayesubiriwa kuamkiwa.

Jumamosi Mzee Zefania alishuka kwenye bodaboda, akakung'uta koti, akasimama kusubiri. Mama Eliza alikuwa ameshawahi nafasi kwenye uzio. Simeoni akafungua mdomo, akaufunga. Mzee akageuka kuangalia bodaboda imefika wapi.

Peniel akajitosa mbele yake. "Shika," akaanza kwa sauti nzito ya darasani, kisha akaipasua kama ya kile kijogoo, "moo, baba."

Mama Eliza akashika kiuno. Mzee alimtazama mwalimu, akamtazama mjukuu, akakohoa.

"Marahaba," akajibu kwa sauti nyembamba ya puani. "Kumbe wewe mpaka leo hujamaliza."

Simeoni alicheka kabla hajajizuia, na kicheko kikatoka kwa sauti mbili. Siri ikawa imekwisha. "Shikamoo, babu," akasema, nusu mtoto, nusu mtu mzima.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee akamshika bega. "Twende tukaangalie ng'ombe, tuna maongezi. Baba yako tumwache na Mjerumani wake."