Nyayo za Mwenye Mzigo

Kitabu kilikuwa na kila kitu isipokuwa mwisho. Régina alikipata Kabambare, dukani kwa Ismaël, aliyekuwa akikichana kuanzia nyuma ili kufungia chumvi. Yeye ni mwalimu wa shule ya masista wa Kasongo, hawezi kuona jambo kama hilo akanyamaza. Alinunua kilichobaki, akampelekea baba yake.

Mzee Raphaël hakuwa akitoka tena kitandani. Kifua kilikuwa kimemshinda. Kila alasiri Régina alimsomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Ilikuwa hadithi ya mauaji huko Ulaya, wakati wa theluji. Jirani yao Julienne aliapa kwamba ni uongo mtupu, maana hakuna baridi inayoweza kugandisha ziwa. Mzee peke yake hakucheka. Alitaka aelezwe zile nyayo, tena na tena: za mtu mmoja, za viatu vya marehemu, zimezama sana, hatua fupi fupi, kutoka nyumbani kwake hadi ukingoni mwa ziwa, marehemu alipokutwa. Polisi alimhoji mkata kuni wa jirani, akamwachia, akasema marehemu alitembea hivyo kwa sababu ya ulevi. Hapo kurasa zikaisha.

Muuguzi alikuwa amemnong'oneza Régina kwamba mzee hatamaliza mwezi. Régina akakataa katakata baba yake aondoke duniani na hadithi nusu.

Akachukua baiskeli kurudi Kabambare. Njia nzima ilikuwa matope, akaisukuma zaidi ya alivyoipanda. Ismaël alimcheka: chumvi imekwisha kuliwa, karatasi zimewashiwa moto. Régina hakuondoka. Alipita nyumba hadi nyumba, akiwaudhi watu kwenye vyungu vyao, mpaka Fatuma, mke wa fundi cherehani, akatoa kurasa nne alizofungia mbegu za mboga. Zilikuwa zile za mwisho. Régina alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Alimkuta baba yake hai bado. Alipokunjua karatasi, mzee akainua mkono.

"Usisome kwanza. Ni ule mukata kuni. Ule mutu wa nyayo hakulewa, alikuwa na muzigo. Alivaa viatu vya marehemu, akamubeba mugongoni, kisha akamuvalisha. Kurudi alipita juu ya ziwa lililoganda, kule hakuna alama."

Régina alisoma. Alikuwa mkata kuni kweli. Akamwuliza baba yake amejuaje.

Ndipo mzee akatoa jambo ambalo hajapata kumwambia mtu. Wakati wa vita ya Tabora, Wabelgiji walipowaendea Wajerumani, yeye na kaka yake Kasimu walikamatwa kubeba mizigo ya askari, wakapitishwa milima ya upande wa Uvira. Kule juu, asubuhi, majani yalikuwa meupe kwa baridi. Baridi hiyo ikamwua Kasimu usiku, wengine wamelala. Waliokufa walikuwa wakisukumwa bondeni, Raphaël hakukubali. Alimbeba kabla kambi haijaamka, akamfunika mawe chini ya mianzi, akarudi kwa kufuata kijito. Askari aliona nyayo za mtu mmoja zikitoka kambini, akaandika kwamba Kasimu ametoroka. Ukoo wote uliamini hivyo kwa karibu miaka arobaini, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake.

"Pale ningesema, wangenichapa fimbo. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imetangulia, mama alikuwa amekwisha kumulaani kwa kuniacha. Nikaogopa." Mzee akazigusa zile karatasi. "Ule marehemu wa kitabu, walimuzika?"

Régina alipekua kurasa zote nne. Hazikusema.

"Mimi sikumuzika ndugu yangu," mzee akasema. "Nilimuficha tu."

Régina hakumfariji. Alimwuliza kijito kinashuka upande gani, mianzi iko wapi, mawe yamepangwaje, akaandika yote pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Asubuhi alikwenda ofisini kwa Wabelgiji kuomba ruhusa ya kusafiri hadi Uvira. Karani aliuliza sababu ya safari.

"Mazishi ya baba mukubwa."

"Amekufa lini?"

"Wakati wa vita ya Tabora," alisema Régina. "Andika."