Sweta za Sungura

Janeffer alikuwa akimlisha sungura wa bintiye majani ya viazi vitamu alipoona kwamba tumbo la mnyama huyo limekuwa kama kioo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha Chepilat, na majani ya chai yaliyochumwa asubuhi yalikuwa yameshapelekwa kituo cha kuuzia. Alimgeuza sungura chali. Matumbo yote yalionekana, na ndani yake minyoo myeupe, myembamba kama uzi, ikijinyonganyonga.

“Ndiyo maana Pendo hanoni,” alisema Chepkirui, bintiye wa miaka saba.

Janeffer alienda kwa Robert, mwenye duka la dawa za mifugo na mzee wa kanisa lao, akarudi na chupa ya dawa ya minyoo. Chepkirui alimshika Pendo, mama akamnywesha, kisha wakakaa kwenye benchi kutazama. Dawa ilishuka polepole. Minyoo ilisogea kuipisha, halafu ikarudi mahali pake. Mmoja ulionekana kuinywa.

Janeffer akaionja. Ilikuwa unga wa ngano na maji.

Hapo akakumbuka. Dawa ya minyoo waliyopewa watoto wote wa shule ya kanisa muhula uliopita aliileta Robert, kwenye chupa hizihizi, na Janeffer mwenyewe alikuwa amesimama ibadani kumshukuru.

Alirudi dukani, Pendo kwapani. Robert alivaa miwani, akachungulia tumbo lile kwa makini.

“Mama Chepkirui,” alisema, “shida si dawa. Shida ni hili tumbo kuonekana.”

Pendo alikufa Jumatano. Kufikia Jumapili sungura wengine kijijini walikuwa vilevile, na kila boma lilijionea minyoo yake. Janeffer alizunguka akiwaeleza majirani alichoonja. Walishtuka, wengine wakajishika vichwa, mmoja akaketi chini palepale kwenye matope. Lakini duka jingine la dawa liko Sotik, mbali, na Robert ndiye husimamia harambee za kuchangia mazishi. Wiki iliyofuata alitundika dukani sweta ndogo za kufuma, juu ya chupa za dawa, na zote zikanunuliwa.

Shule zilipofunguliwa, matumbo ya watoto nayo yakaanza kuwa kioo. Wazazi hawakulizungumzia. Siku ya dawa ya minyoo Robert alifika na chupa zake, na Janeffer akasimama mbele ya wote, akaomba mtu mmoja tu aionje kabla ya watoto. Hakuna aliyesogea. Mwalimu mkuu alimngoja amalize. Kisha akawaomba wazazi wawachomekee watoto mashati vizuri, na mama aliyekuwa mbele kwenye foleni akainama, akamchomekea wake.